Wifi Yangu Hapigi Mtu

Nianze kwa kusema wazi: mimi wezi siwapendi. Anayetaka kusikia mtu akiwalilia wezi akatafute kwingine. Mimi ni keshia katika duka kubwa, nakaa kutwa kwenye kiti kisicho na mgongo, na kila kitu kinachotoweka kwenye shelfu bila kupita mbele yangu, mwisho wa mwezi sisi wafanyakazi ndio tunaokatwa. Tunakatwa wote: mkata nyama, mfagiaji, keshia, mlinzi. Mtu akiiba mafuta ya nywele, kichwa kinachobaki kikavu ni changu. Kwa hiyo nikikusimulia habari za wifi yangu, usidhani nimelainika. Moyo wangu ni mgumu na nimeuzoea hivyohivyo.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu, na ni mlinzi wa mlangoni katika duka hilohilo. Ni mwanamke wa miraba minne. Akisimama mlangoni na sare yake, mlango unaonekana umekosewa vipimo. Kaka yangu ni fundi redio, mwembamba kama waya anazoziunga, na siku ya harusi yao shangazi zetu walisema kijana akileta jeuri atakunjwa atiwe kwenye mkoba. Hajakunjwa mpaka leo, ingawa kuna siku mimi mwenyewe nimeombea akunjwe. Tunakaa ua mmoja. Wao wana vyumba viwili, mimi nina changu upande wa pili tangu niachane na yule bwana ambaye hapa si mahali pake.

Kabla ya kazi ya mlangoni wifi alikuwa mhudumu katika wodi ya wagonjwa wa akili. Huko walikuwa na namna yao ya kumtuliza mgonjwa aliyechachamaa. Unamwendea kwa nyuma, unapitisha mikono chini ya kwapa zake, unamshika vifundo vya mikono na kumkunjia mikono yake kifuani pake mwenyewe. Kisha unakaa. Unakaa chini kabisa, sakafuni, naye anakaa nawe, mapajani mwako, na kichwa chako unakigandamiza mgongoni kwake asije akakuvunja pua kwa kisogo. Halafu mnasubiri. Mgonjwa atapiga kelele, atatukana ukoo wako wote mpaka wale ambao hujawahi kuwaona, mwisho atachoka, kwa sababu ni vigumu kupigana na mtu aliyekupakata.

Alipohamia dukani akaja na maarifa hayohayo. Mwizi wa kwanza aliyemkamata alikuwa kijana mwenye mbavu za kutosha, ameficha chupa za manukato kiunoni, na alipoguswa bega alianza kurusha ngumi. Wifi akamzunguka, akamkumbatia, akakaa naye chini kati ya shelfu la sabuni na mafagio. Wateja walicheka mpaka wakashika matumbo. Kijana alihangaika, akatokwa na jasho, akatulia, na chupa zikatolewa zote nzima. Nje walikuwa wamekwisha kusanyika wale watu wasio na kazi ambao wakisikia neno mwizi miguu inawawasha. Waliingia na mawe, wakamkuta mwizi amefunikwa na mwanamke mkubwa aliyevaa sare. Huwezi kumpiga mwizi bila kumpiga yeye, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Wakatoka mmojammoja, kila mtu akijifanya alikuja kuuliza bei ya unga. Tangu siku hiyo jina lake likawa Pakata.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwenye duka, ambaye sisi tunamwita Tajiri, alipoajiri mkuu wa walinzi. Huyu tulimwita Kamanda, kwa sababu mwenyewe alituambia tumwite Kamanda. Alikuja na viatu vinavyong'aa na neno moja alilolirudia kila asubuhi, kwamba mwizi asitoke dukani vile alivyoingia. Awekwe alama, alisema, ili akivua shati nyumbani wenzake waone. Akapewa chumba cha nyuma, kile kilicho jirani na mitambo ya mafriza inayonguruma kutwa nzima, na walinzi wote wakagawiwa marungu. Pakata alilipokea la kwake kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kulitundika kwenye msumari wa mafagio. Mfagiaji akawa analitumia kukandamizia takataka kwenye pipa.

Nikwambie ukweli, mimi mwanzoni nilimfurahia Kamanda. Wizi ulipungua kidogo. Mtu akikamatwa alipelekwa chumba cha nyuma, mlango unafungwa, baada ya muda anatoka kwa mlango wa stoo akichechemea, na sisi tunaendelea na kazi. Hatukusikia kitu, maana mafriza yalinguruma. Niliamini wanatiwa adabu kidogo, kama mzazi anavyomtia adabu mwanawe. Aliyekuwa akikasirika ni Pakata peke yake. Yeye kila aliyemkamata alikaa naye palepale sakafuni mpaka kitu kikatoka mfukoni, na Kamanda alipofika kumchukua, alikuta mtu amekwisha kufika barabara kuu.

Jioni moja, tukianua nguo uani, nikamchokoza.

"Wifi, na wewe mpe mtu japo kofi moja. La heshima tu."

"La heshima ndilo likoje?"

"La kumjulisha kwamba mshahara wangu si wa baba yake."

Alikunja shuka taratibu, pembe kwa pembe, kabla ya kunijibu. "Wodini nilikuwa na mwenzangu. Mtu mzuri, mcheshi, tulikuwa tunagawana chai. Siku moja mgonjwa alimtemea mate usoni, akampiga kofi. Moja, kama unavyosema. Hakuna aliyemlaumu, hata mimi sikumlaumu. Baada ya miezi michache alikuwa anawapiga asubuhi kabla hawajafanya lolote, kama mtu anayepiga mswaki."

"Wewe si yeye."

"Hii mikono unaiona?" Akainyoosha mbele yangu, na kusema kweli ilikuwa mikono ya kutisha. "Naiogopa kuliko wewe unavyowaogopa wezi. Sitaki ianze."

"Na mimi ninayelala nayo kitanda kimoja," kaka akasema kutoka kibarazani, bila kuinua macho kwenye redio yake, "hakuna hata siku moja mtu amenipa pole."

Tukacheka. Lakini baadaye, Pakata alipoingia ndani, kaka aliniita pembeni, na safari hii hakuwa na mzaha. Siku hizi redio ikikohoa kidogo watu wanaitupa na kununua nyingine. Kodi ya vyumba, karo za watoto, chakula, vyote vilikuwa vinasimama kwenye miguu ya mke wake pale mlangoni. "Dada yangu," aliniambia, "muombe asimuudhi yule bwana. Akimwaga unga, hatuna pa kuuzoa." Nikamwahidi nitazungumza naye. Sikuzungumza, maana nilimjua.

Sasa ije habari ya Koti. Huyu alikuwa mwizi wa kudumu, na alipewa jina hilo kwa sababu alivaa koti refu hata jua likiwa la kukaanga. Usijidanganye kwamba aliiba kwa njaa. Aliiba wembe na betri, akaviuza kwa wauza barabarani, na alikuwa na kitambi kuliko Tajiri. Pakata alikwisha kumpakata mara kadhaa, mpaka wakawa kama watu wa familia. Mara ya mwisho nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Mama, legeza kidogo upande huu, mguu umekufa ganzi," na wifi akalegeza. Nilikasirika siku nzima.

Siku hiyo ninayoisema, Kamanda ndiye aliyemwona kwanza. Ilikuwa mchana, saa ya watu kutoka maofisini, foleni mbele yangu imefika kwenye vyombo vya plastiki. Koti hakuwa hata amekaribia kaunta. Kamanda alimtokea kwa ubavuni na kumpiga rungu la kiwiko. Betri zikamwagika, zikabingirika chini ya matoroli. Koti akakaa chini mwenyewe, akainua mkono uliobaki mzima na kusema, "Nimekoma, bwana mkubwa. Nimekoma. Chukueni vitu vyenu."

Mtu amekamatwa, mali imepatikana, mwenyewe amejitoa. Hata mimi mwenye moyo mgumu niliona shughuli imekwisha. Kamanda akamshika ukosi wa koti na kuanza kumburuta.

"Kamanda," Pakata aliita kutoka mlangoni. "Amejitoa huyo. Niachie nikae naye."

"Kaa na mlango wako," Kamanda akamjibu, akapita na mtu wake, na tukasikia chumba cha nyuma kikifungwa.

Nikaendelea kupitisha bidhaa. Unga, sukari, dawa ya meno. Ghafla taa zikazima, mashine yangu ikafa mkononi, na duka zima likanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika, na pamoja nao mafriza yakanyamaza. Hapo ndipo tulipoanza kusikia.

Kwanza tulisikia rungu. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kitu kikavu kinachopiga kitu kilichovaa nguo. Kisha tukamsikia Koti, jitu zima lenye kitambi, akimwita mama yake. Rungu liliendelea. Foleni yote ilisikia. Mwanamke mmoja alimziba mtoto wake masikio kwa viganja. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu alisoma maandishi ya pakiti ya chumvi kana kwamba ni barua aliyotumiwa. Nilikuwa nimeshika chupa ya mafuta ya kupikia, nikaendelea kuishika.

Mlinzi akiacha mlango wake, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi ile. Unaweza kusinzia ukasamehewa, ukichelewa utasamehewa, lakini mlango hauachwi. Pakata aliuacha. Alipita katikati ya shelfu bila kukimbia, akafika kwenye chumba cha nyuma, akaweka bega lake, na kitasa kikaachia. Mwanga wa dirisha la juu ulikuwa unaingia mle ndani, kwa hiyo tuliona vizuri. Alimwendea Kamanda kwa nyuma, akapitisha mikono chini ya kwapa, akamkunjia mikono kifuani, na akakaa naye chini.

Rungu likaanguka. Kamanda alirusha miguu na vile viatu vyake vinavyong'aa. Alitaja kazi ya Pakata, akamtaja Tajiri, akataja polisi, akataja wazazi wa kila mtu. Wifi alikuwa ameweka kichwa mgongoni kwake, na kila alipopata nafasi alisema kwa sauti ileile ya wodini, "Taratibu. Tutakaa mpaka moyo wako utulie." Wateja wakasogea na vikapu vyao. Bibi mmoja mwenye mkongojo akamtazama Kamanda kwa huruma na kusema, "Mbembeleze, mwanangu, huenda ni usingizi." Hapo duka likaangua kicheko ambacho nadhani kilifika sokoni.

Na Koti? Koti alijiinua kwa kuegemea ukuta, mkono mmoja unaning'inia, mdomo umepasuka. Akairuka miguu ya Kamanda. Akaja akipita mbele yangu, taratibu, na alipofika usawa wa kaunta akachukua mche wa sabuni na kuutia ndani ya koti. Mbele yangu, macho yangu yakimwangalia.

"Wewe," nilimwambia, "huna hata haya?"

Alinitazama kwa lile jicho ambalo bado lilikuwa wazi, akatoka nje. Mlangoni hapakuwa na mtu wa kumzuia. Nilitukana kimoyomoyo kwa lugha zote ninazozijua, na nilikuwa namtukana yeye, na Kamanda, na nafsi yangu iliyoshika chupa ya mafuta, sikuweza tena kuwatenganisha.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kufungua duka, Tajiri alitupanga mstari kati ya shelfu za biskuti. Tajiri si mtu wa kufoka. Anaongea polepole, anafuta miwani yake kila baada ya maneno machache, na akikufukuza kazi unaweza kudhani amekusifia. Alisema duka ni biashara, na biashara haiwezi kuwa na wakuu wawili. Pakata alikuwa ameacha mlango na kumdhalilisha mkubwa wake mbele ya wateja. Kwa kuwa ni mfanyakazi wa siku nyingi, alimpa njia rahisi: amuombe Kamanda radhi mbele ya wote, achukue rungu lake, kazi iendelee. Kama hataki, avue sare.

Kila mmoja wetu alijua nyumba ile inakula wapi. Mimi nilimwomba Mungu ampe ulimi mtamu kwa dakika moja tu, halafu amrudishie wake. Pakata akatoka mbele ya mstari na kusimama mbele ya Kamanda. Alikuwa amempita kwa kichwa kizima.

"Kamanda," alisema, "naomba radhi kwa kukupakata jana."

Kamanda akainua kidevu. Tajiri akaanza kuvaa miwani yake.

"Nilikosea," wifi akaendelea. "Ilifaa nikupakate siku ile uliyoanza kazi."

Mkata nyama alicheka kwa pua, akajifanya anapiga chafya. Wifi alivua kofia, akaiweka juu ya biskuti, akavua na koti la sare na kulikunja pembe kwa pembe kama shuka. Akaniambia, "Wifi, ukitoka kazini usipitie sokoni, vitunguu vipo," akatoka kwa mlango uleule alioulinda.

Tajiri akamwambia mlinzi wa pili ashike mlango. Yule akasema kisigino kinamuuma. Wa tatu akasema yeye ni mtu wa stoo, ya mlangoni hayajui. Nilijua kisigino cha yule kijana hakina lolote, na nilimpenda kwa uongo wake. Ikabidi Kamanda asimame mwenyewe.

Sasa kwenye duka lile mikoba ya wanawake hukaguliwa wakati wa kutoka, na aliyekuwa akiikagua ni Pakata. Mwanamke wa kwanza alipoambiwa na Kamanda afungue mkoba, alimwangalia toka juu hadi chini. "Kwani wewe umeshaamka?" alimuuliza. Wa pili alisema mkoba wake hafungui mwanamume, awe amepakatwa au hajapakatwa. Wa tatu aliacha toroli limejaa pale katikati ya njia, akaenda zake duka la ng'ambo. Sikuwaambia kitu, lakini kila mmoja aliyepita kwangu nilimpa salamu ndefu kuliko kawaida, na kama aliniuliza yule mama wa mlangoni yuko wapi, nilimjibu kwa sauti ambayo Tajiri aliisikia mpaka ofisini kwake.

Wiki haikwisha, Tajiri akaja kwenye kaunta yangu. Akafuta miwani.

"Mwambie wifi yako arudi."

"Na rungu?"

"Wewe mwambie arudi."

Nilimkuta Pakata anasugua sufuria kwa hasira ambayo sufuria haikuistahili. Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Kaka alikuwa ameacha mizaha, na mwenye nyumba ameanza kutusalimia kwa zile salamu zisizokwisha, za mtu anayengoja umwambie jambo. Nikampa ujumbe.

"Aje mwenyewe," alisema. "Ana miguu."

Bisibisi ilimponyoka kaka. "Mke wangu, mtu kakuita kazini. Kazini, si msibani."

"Nimesikia."

"Watoto je?"

Hapo aliacha sufuria. Niliona macho yake yamejaa, na mwanamke yule simjui kwa machozi. "Nikirudi kwa kuitwa tu, nitakuwa nimerudi kukilinda kile chumba," alisema. "Mimi nasimama mlangoni ili watu wasiondoke, naye anawapiga ndani. Umelielewa hilo, mume wangu? Mimi ndiye nilikuwa namshikia." Kaka akainama kuokota bisibisi yake, akasema, "Basi aje."

Tajiri akaja, kesho yake jioni, akakalishwa kwenye benchi la wateja wa redio kati ya spika mbili zilizopasuka. Akapewa maji. Akasema anachotaka ni amani. Pakata akasema yeye anachotaka ni mlango.

"Mlango upi?"

"Wa chumba cha nyuma. Kamanda wako abaki nawe, chumba kibaki, mimi simfukuzi mtu. Lakini kisiwe na mlango. Anayetaka kumpiga mtu ampige tukimwona."

Tajiri alitabasamu kidogo. "Nitaung'oa."

"Ung'oe uniletee hapa. Nikiuona uani kwangu nitajua haujarudishwa."

"Huo ni wazimu."

"Wazimu nimeufanyia kazi, Tajiri," wifi alimjibu. "Hauko hivi."

Aliondoka amenuna, bila kumaliza maji, na kaka yangu akashika tama. Mimi mwenyewe nikaona safari hii amevuka mpaka. Nani ataletewa mlango nyumbani kama zawadi ya posa? Lakini kule dukani wanawake waliendelea kuacha matoroli njiani, na kisigino cha mlinzi wa pili kiliendelea kuuma, na Jumamosi asubuhi tukasikia mkokoteni ukigonga kwenye lango la ua. Vijana wawili walikuwa wanausukuma, na mlango umelazwa juu. Tajiri alikuwa nyuma yao kwa mbali, akitembea kama mtu aliyekuwa anapita tu.

Wakauegemeza ukutani, kwenye jua. Upande uliotazama nje ulikuwa mweupe na safi. Tajiri mwenyewe aliupaka rangi siku Kamanda alipokabidhiwa chumba, pande zote mbili, na nakumbuka alivyotuonya tusiuguse haujakauka. Pakata aliutazama, kisha akawaambia wale vijana waugeuze.

Upande wa ndani rangi ilikuwa imechunwa. Karibu na kitasa palikuwa na mikwaruzo ya kucha, mirefu, inashuka. Chini yake palikuwa na madoa ambayo mtu alijaribu kuyafuta kwa kitambaa yakasambaa. Na chini zaidi, karibu na goti langu, mikwaruzo mingine, myembamba, imesongamana mahali pamoja. Kaka alizima redio aliyokuwa anaijaribu.

"Hizi za chini," Tajiri alisema mwishowe, "ni za watu waliopiga magoti."

"Piga magoti tupime," Pakata akamwambia.

Nilidhani ataondoka. Alitutazama, akaitazama suruali yake iliyopigwa pasi, akapiga magoti kwenye vumbi la ua wetu, uso kwa uso na mlango wake. Akainua mkono kama mtu anayebisha hodi afunguliwe. Kidole chake kiliangukia kwenye mikwaruzo ya juu, ile ya karibu na kitasa. Akaushusha mkono, akaushusha tena, akainama mpaka paji la uso likakaribia mbao, ndipo kidole kikaigusa ile ya chini. Kamanda alikuwa akituambia kwamba watoto wanaoiba pipi anawatisha kwa mdomo tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaonyesha kwa kidole, kutoka kwenye kiti changu, wale wadogo wanaotumwa na mama zao na kupitisha pipi mfukoni.

Tajiri hakuinuka mara moja. Wifi yangu aliingia ndani na kutoka amevaa sare ambayo nilikuwa nimemrudishia siku ileile aliyoiacha, maana niliiokota juu ya biskuti na hakuna aliyethubutu kunizuia. Akasimama nyuma ya mwenye duka aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Simama, Tajiri," alimwambia. "Twende unifungulie duka."